Nilifuta Video Yangu ya Lithiamu. Kama Uko na Yako, Futa

Wasee, wacha nianze na kosa langu mwenyewe kabla hamjanikumbusha kwa komenti.

Mnakumbuka ile video ya karavani? Sekunde 58. Natoa betri ya asidi, naweka ya lithiamu, nafunga nati mbili, nawasha birika ya stima, chai inachemka na Ziwa Naivasha iko nyuma yangu. Maneno kwa skrini: "Toa ya zamani, weka mpya, umemaliza." Hiyo ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi tangu nianze hii kazi. Kuna muuzaji alikuwa ananipa komisheni kila mtu akinunua betri na kutaja jina langu. Nililipa nyumba miezi miwili na hiyo doh.

Haipo tena. Niliifuta wiki mbili zimepita. Leo nawaambia kwa nini, na kwa nini naona kila mtu wa kontenti mwenye video kama hiyo anafaa kuifuta pia.

Kuna kijana Kitengela ana trela ya magurudumu mawili, anauza chai na smokie jioni. Aliniandikia inboksi saa tano usiku. Hakunitukana. Alituma picha moja tu: plaiwudi imechomeka ikawa nyeusi, waya imeyeyuka ikashikana nayo, na mtungi wa gesi uko kando, kama hatua moja. Chini ya picha aliandika, "Bro, nilifuata video yako." Dada yake ndiye alikuwa ndani. Alichomeka mkono akijaribu kung'oa ile waya.

Manze, sikulala. Juu nilijua hakukosea kitu. Alifanya kila kitu nilichoonyesha. Shida ni kile sikuonyesha.

Betri mbovu ilikuwa inatulinda

Hapa ndipo watu wengi, pamoja na mimi wa mwaka jana, hawaelewi. Tunadhani betri ya lithiamu ni betri ile ile, lakini nyepesi na yenye nguvu. Kwa hivyo unabadilisha tu, kama vile unabadilisha tairi.

Sikia. Betri ya asidi ya volti 12, saa-ampea 100, hufai kutumia zaidi ya nusu kama unataka iishi. Hapo unapata kama saa-wati 600. Na ukiiwekea mzigo mzito kama birika ya wati 1000, volti zinaanguka, inverta inapiga kelele piii piii, inajizima. Ukaudhika, ukasema betri ni takataka.

Ile ya lithiamu ya saizi hiyo hiyo (naongelea LiFePO4, ile ya chuma na fosfeti, volti 12.8) inakupa karibu saa-wati 1,280. Uzito wake ni kama kilo 11 hivi, ya asidi inakaribia 30. Ukiiwekea birika ya wati 1000, haitikisiki. Volti zinakaa pale pale. Inverta haipigi kelele. Chai inachemka.

Lakini hizo wati 1000 kwa volti 12.8 ni ampea 78, na ukihesabu zile inverta inapoteza, unafika karibu 90. Ampea 90 zinapita kwa waya ile ile nyembamba uliyowekewa na fundi miaka mitano iliyopita, zile siku betri ilikuwa inachoka baada ya dakika chache. Hiyo waya haijawahi kubeba mzigo kama huo muda mrefu. Sasa inabeba kila siku.

Yaani udhaifu wa betri ya zamani ndio ulikuwa unalinda waya mbaya. Umetoa udhaifu, umeacha waya.

Na si waya peke yake. Angalia viungo. Kiungo kibaya, kile umekaza na pliers na ukazungushia tepu, kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.01. Inasikika kama hakuna kitu. Piga hesabu: 90 mara 90 mara 0.01. Ni wati 81. Ile chuma ya fundi wa simu ya kuyeyusha risasi mara nyingi ni wati 60 ama chini. Kwa hivyo umeficha chuma ya kuchomelea nyuma ya plaiwudi, ukaiwasha, ukaenda kuuza chai. Na ukiongeza ampea mara mbili, joto haliongezeki mara mbili, linaongezeka mara nne.

Ndicho kilifanyika Kitengela. Betri yake iko sawa mpaka leo. Waya ndiyo iliungua.

"Lakini iko na BMS"

Hii ndiyo jibu ya kila muuzaji. Iko na BMS, kwa hivyo iko salama.

BMS ni ile bodi ndogo ndani ya betri. Inaangalia seli nne: zisijae kupita kiasi, zisiishe kabisa, zisipate joto sana. Ni kitu kizuri. Lakini kazi yake ni kulinda betri. Waya zako hazijui. Kama imewekwa ikate kwa ampea 100 na wewe unavuta 90 kwa waya inayofaa 60, BMS inaona kila kitu kiko fiti. Itakaa hapo ikitazama waya ikiyeyuka.

Ni kweli BMS nyingi pia zinakata shoti. Lakini inakata kwa transista, na transista za aina hiyo zikifa mara nyingi zinakufa zikiwa zimefunga, stima inaendelea kupita. Ndio maana unahitaji fyuzi. Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kutoa maelfu ya ampea kwa sekunde kidogo. Kuna fyuzi za aina ya T ambazo zimeundwa kukata shoti ya hadi ampea 20,000. Inakaa karibu kabisa na betri, kwa waya ya chanya, kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa video yangu hakukuwa na fyuzi. Hata moja. Rudini muangalie, mlio na kopi.

Na tafadhali, ile swichi ya ukuta ya AC mliyotolewa kwa nyumba msiweke hapo. Stima ya Kenya Power inabadilisha mwelekeo, inapita kwa sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hivyo cheche inajizima swichi ikifunguka. Stima ya betri haipiti sifuri. Cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya swichi hadi plastiki iyeyuke. Nunua ya DC, imeandikwa DC.

Yangu pia ilinipata

Msidhani nilijifunza kwa huyo kijana peke yake. Yangu ilinionya mapema, nikanyamaza.

Wiki tatu baada ya ile video, mimi na binamu yangu tulikuwa tunavuta karavani kutoka Nakuru kwenda Naivasha na Probox yake. Nilikuwa nimetoa waya nene moja kwa moja kutoka kwa altaneta hadi betri ya nyuma, ndio ichaji tukitembea. Na betri ya asidi hiyo ingefanya kazi, juu asidi ikianza kujaa inakataa ampea zenyewe. Lithiamu haikatai. Inavuta kila kitu unaipatia, hadi karibu ijae.

Tukakwama kwa foleni Gilgil. Injini inazunguka polepole, feni ya altaneta inazunguka polepole nayo, na lithiamu nyuma inanyonya tu. Harufu ya kuungua. Taa ya betri kwa dashibodi. Altaneta ikaisha. Probox haikuwa na kosa, waya ilikuwa yangu. Binamu akaniangalia, akauliza, "Si ulisema ni nati mbili?"

Kile kilifaa kuwa katikati kinaitwa chaja ya DC-DC. Inachukua kiasi unachoamua, kama ampea 20, haizidishi, na inaipa lithiamu volti inazotaka. Pia ikitokea BMS ikate ghafla ukiwa unaendesha, haiachi altaneta ikitupa volti za juu kwa redio na taa za gari.

Nililipa altaneta. Sikuposti. Video ilikuwa bado inapanda, na komisheni ilikuwa inaingia. Hii ndiyo sehemu yenye naona aibu kuandika. Kama ningesema siku hiyo, pengine dada wa Kitengela hangechomeka.

Vitu vingine havionekani kwa sekunde 58

Kontrola ya sola. Nyingi za bei ya chini zimewekwa kwa asidi. Zina hatua ya kusawazisha, ambayo inaweza kupandisha volti hadi 15. Asidi inahitaji hiyo mara moja moja. LiFePO4 inataka kati ya 14.2 na 14.6, basi. Ukiisukuma zaidi, BMS inakata, na kontrola inabaki imeshikana na paneli bila betri. Zingine zinakufa hapo hapo. Tafuta iliyo na mpangilio wa lithiamu, ama unayoweza kuweka volti mwenyewe.

Chaja ya ukuta. Karavani kuukuu zinakuja na chaja inayoishia volti 13.6. Kwa lithiamu hiyo inachaji polepole sana na kwa kawaida haijazi vizuri. Halafu unalia betri ni feki.

Kipimo. Zile taa tatu za kijani, njano na nyekundu zinasoma volti. Asidi ikiisha, volti zinashuka polepole, kwa hivyo taa zinakuambia ukweli kidogo. Lithiamu inakaa karibu volti 13 muda mrefu, kisha inaanguka ghafla. Taa itakuonyesha kijani, kijani, kijani, giza. Unahitaji kipimo kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Sasa najua mtaniambia nini.

"Wewe si injinia, uliacha chuo"

Kweli. Niliacha mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa hata ya stima. Lakini wakati nilikuwa nasema "nati mbili, umemaliza," hakuna mtu aliniuliza cheti. Mlilaiki. Mnauliza cheti sasa kwa sababu nasema kitu kinachoongeza kazi. Kuacha chuo hakukunizuia kusoma karatasi ya maelezo inayokuja na betri. Nilikuwa nayo kwa boksi wakati wote. Imeandikwa saizi ya waya, imeandikwa fyuzi, imeandikwa volti. Sikuifungua juu haikuwa kontenti.

Na kama unataka mtu mwenye cheti, wako. EPRA inatoa leseni za mafundi wa sola, T1, T2 na T3. Muulize fundi wako yuko wapi kati ya hizo. Akikasirika kuulizwa, hilo ni jibu.

"Fundi wangu hufanya hivi na hakuna kitu imewahi kufanyika"

Hata kwangu hakuna kitu kilifanyika, wiki tatu nzima. Kiungo kibaya hakiungui siku ya kwanza. Kinapata joto, kinapoa, nati inalegea kidogo, kinapata joto zaidi. Karavani na trela zinatingishwa na barabara kila siku, unajua barabara zetu. Fundi wako haonekani tena siku ya mia moja. Anakumbuka siku ya kwanza, taa zikiwaka na ukimlipa.

"Unatutisha tu, lithiamu ni ghali tayari"

Hii naichukua kwa uzito, juu ndiyo ya watu kama sisi. Betri yangu ilinigharimu 42,000. Vile vitu vingine, yaani chaja ya DC-DC, kontrola, waya ya milimita 25 za mraba, fyuzi, kipimo, na kubaniwa vichwa vya waya na mashine badala ya pliers, vilifika kama 35,000. Nilinyamaza nikiangalia hiyo hesabu.

Lakini bei ya lithiamu siku zote ilikuwa 77,000 kwa karavani yangu. Muuzaji alikuonyesha 42,000, na mimi nikamsaidia kuficha zingine. Kama huna zote, usinunue betri kwanza. Nunua waya na fyuzi. Zinafanya kazi hata na betri yako ya asidi, na hutazinunua tena. Kisha kontrola. Betri iwe ya mwisho. Hakuna mwenye duka atakuambia hivyo kwa sababu anauza betri.

Na sisemi lithiamu ni mbaya. Wale mnaopenda kusema "zinalipuka," mnachanganya. LiFePO4 inavumilia joto kuliko zile za simu na laptopu. Kemia yake ilitoka kwa kikundi cha John Goodenough, walichapisha 1997, na yeye akapata Nobel ya Kemia 2019 kwa kazi yake ya betri za lithiamu, akiwa na miaka 97. Ukiitunza inachajiwa maelfu ya mara, na asidi ikichajiwa mara mia chache imechoka. Bado naitumia. Bado naipenda. Ninachopinga ni uongo wa kwamba unaipachika mahali pa ile nyingine na maisha yanaendelea.

Na ile ya zamani ilienda wapi?

Kwa video yangu nairusha kando kwa nyasi, muziki unaanza. Hiyo pia ilikuwa ujinga. Ndani kuna risasi na asidi. Mkumbuke Owino Uhuru, Mombasa, mahali kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilitia watu sumu ya risasi, watoto wakiwa kati yao. Phyllis Omido aliwapigania hadi akapata tuzo ya Goldman 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Hiyo ndiyo safari ya betri kuukuu ikishikwa na mtu asiyejali. Usimpe yule anayeipasua kwa nyundo nyuma ya nyumba. Rudisha kwa muuzaji anayepokea za zamani na umuulize anazipeleka wapi.

Kwa wenzangu wa kontenti

Najua tunavyofanya kazi. Fyuzi haipendezi kwa video. Hakuna mtu anasimamisha kidole kuangalia msee akibana kichwa cha waya. Muuzaji anataka neno "rahisi." Na rent haingoji.

Lakini mtu anayetuangalia hana pesa ya kukosea mara mbili. Ni mtu wa trela ya chai, kinyozi wa kontena, mbogi ya vijana watatu wamechanga wakanunua karavani kuukuu wakodishe watu wa kupiga kambi. Anachukua sekunde zetu 58 kama maelezo yote, kwa sababu tulimwambia ni yote. Kama huwezi kuonyesha waya, fyuzi na chaja, usionyeshe betri. Kama muuzaji anakataa uonyeshe, ujue anauza nini.

Mimi nilirudisha komisheni ya mwezi wa mwisho na nikaacha hiyo kazi. Kijana wa Kitengela nilimtumia za waya na fyuzi. Hazikutosha, na sijisifu. Mkono wa dada yake unapona. Amerudi kuuza chai, lakini bado anatumia jiko, hataki kusikia mambo ya inverta.

Sasa wewe, kama ulifuata video yangu, fanya hivi leo jioni. Washa mzigo wako mkubwa zaidi dakika kumi. Zima. Kisha weka mgongo wa mkono karibu na waya ya betri, pole pole, halafu kwa kila kiungo na kwa fyuzi, kama unayo. Vuguvugu si shida. Kama mkono unataka kutoka, ondoa waya ya hasi ya betri na usiirudishe hadi mtu anayejua aangalie. Kama huna fyuzi, ondoa sasa hivi, usingoje jioni.

Nimerekodi video mpya ya karavani. Ni dakika 14, nyingi ni za waya. Najua hamtaimaliza, ndio maana nimeandika.